Mafuta yako 260, karatasi inasema yanajiwasha 350. Sasa moto umetoka wapi?

#1 Shifti_C
Wakuu, habari za saa hizi. Niende moja kwa moja.

Kazini tuna hita ya mafuta ya moto, haya ya madini, yanazungushwa na pampu kwenye mabomba hadi kwenye mitambo. Tunaendesha nyuzi 260. Karatasi ya usalama inasema joto la kumweka (mvuke wake unashika moto ukikutana na cheche) ni 210 na joto la kujiwasha (unawaka wenyewe bila cheche) ni zaidi ya 350. Wiki iliyopita saa tisa usiku, kwenye zamu yangu, pamba ya kuzuia joto iliyofunika bomba jirani na vali moja ilianza kutoa moshi mweupe mwembamba. Nikadhani mvuke. Mwenzangu akachukua bisibisi akalegeza bati la nje tuone kuna nini. Bati halijafunguka hata nusu, mwali huo! Nyusi zake sasa ni historia. Tukazima kwa poda. Hakuna aliyeumia zaidi ya hapo, tunashukuru.

Swali langu: 260 siyo 350. Hakuna aliyekuwa anachomelea, hakuna anayevuta sigara kule. Moto umetoka wapi? Kwenye ripoti wameandika "chanzo: uzembe". Nataka kujibu kwa hoja, siyo kwa hasira.

#2 Bisibisi_Moja
Ngoja waje wajuzi. Bisibisi haihusiki, naomba jina langu lisichafuliwe.

#3 Kipimajoto
Hiyo 260 umeisoma wapi mkuu? Kama ni geji ya pale mafuta yanapotoka kwenye hita, hiyo ni wastani wa mafuta yote. Yale yanayougusa ukuta wa koili (bomba la ndani ya hita linalopigwa na moto) yana joto kubwa kuliko hapo, tofauti ya nyuzi 20 au 30 ni kawaida kabisa, na mwendo ukipungua inapanda zaidi. Halafu sensa zenyewe zinazeeka. Nimeshakuta sensa imechomoka kwenye mfuko wake inapima hewa, watu wanaendesha mtambo kwa imani. Mimi nasema mafuta yalikuwa juu ya 260 na hamkujua.

#4 MzeeWaBoila
Kipimajoto, unalosema ni kweli ila umelipeleka mahali pasipo pake. Hiyo tofauti ya ukutani iko ndani ya hita, kwenye koili. Kwenye vali huko mbali mafuta yameshachanganyika, joto ni moja.

Mwanangu Shifti, hicho ulichokiona kina jina: moto wa pamba. Miaka thelathini kwenye boila nimeuona mara nne. Vali inavuja tone kwa tone. Tone halianguki chini ukaliona, linanywewa na pamba. Pamba ya mawe yenyewe haiungui, lakini ina nyuzi nyingi mno, kwa hiyo kikombe kimoja cha mafuta kinatandazwa kuwa utando mwembamba sana. Utando huo unakutana na hewa kidogo kidogo na kuanza kuungana na oksijeni. Muungano huo unatoa joto, na joto halina pa kutokea kwa sababu liko ndani ya kitu kilichotengenezwa kuzuia joto lisitoke! Linajilimbikiza. Nje bati la baridi, bomba 260, katikati ya pamba huenda ni 400 na wewe umesimama pembeni unakunywa maji.

Ile 350 ya kwenye karatasi hupimwa maabara, mafuta mapya, kwenye chupa ya kioo, mvuke ukiwa huru. Haikupimwa ndani ya pamba iliyolowa miezi sita.

Na kwa nini iliwaka mlipofungua? Mle ndani ilikuwa inafukuta bila hewa ya kutosha. Bati lilikuwa kifuniko cha chungu. Mlipolegeza mkaipa pumzi.

#5 Shifti_C
Mzee shikamoo, hii imenigusa. Lakini hatukuwahi kuona tone hata moja chini ya ile vali. Na moshi ulitokea kama mita mbili kutoka kwenye vali, siyo pale pale.

#6 MzeeWaBoila
Marahaba. Mafuta yanafuata mteremko wa bomba ndani ya pamba. Yanaingia huku, yanatokeza kule. Mita mbili ni karibu.

#7 Maabara_Kimya
Naomba nitofautiane kidogo na Mzee, kwa heshima.

Mafuta mara ya mwisho yalipimwa lini? Mafuta yakikaa miaka kwenye joto, molekuli zinakatika. Zile fupi zinakuwa nyepesi, zinachemka mapema, na joto la kumweka linashuka. Nimepokea sampuli za mafuta yaliyonunuliwa yakiwa na 210, zikasoma chini ya 120. Zile zilizobaki zinaungana kuwa nzito, ndiyo lami na kaboni mnayokwangua kwenye koili. Ukivujisha mafuta ya namna hiyo kwenye 260, kinachotoka ni mvuke unaosubiri sababu tu.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu pamba, tuanze na kilichomo ndani ya bomba. Karatasi inaeleza mafuta yaliyokuwa kwenye pipa siku yalipofika. Yaliyomo ndani ya mfumo wenu hayana karatasi.

#8 Shifti_C
Kupimwa? Tangu nimeingia, miaka minne, sijaona mtu akichukua sampuli. Tunaongeza tu yakipungua.

#9 PampuKavu
"Tunaongeza tu yakipungua." Mkuu, swali la kwanza lilikuwa moto umetoka wapi. Swali la pili: hayo yaliyokuwa yanapungua yalikuwa yanakwenda wapi? 😂

#10 Shifti_C
Umenimaliza.

#11 DadaUsalama
Nawasoma wote mkibishana kemia, mimi nina la bisibisi. (Samahani #2.)

Pamba ikitoa moshi, bati HALIFUNGULIWI. Unazima bana (kile kinachotoa moto wa hita), unatoa taarifa, unaandaa poda na mpira wa maji au povu, watu wanakaa mbali, mfumo unapoa kwanza. Unafungua ukiwa umepoa, na hata hapo kuna mtu amesimama na kizima moto mkononi, kwa sababu ndani inaweza kuwa bado ni kaa la moto. Pamba iliyotolewa haitupwi kwenye pipa la taka pamoja na matambara. Inawekwa nje peke yake, imelowanishwa. Nimeshaona rundo la pamba "iliyozimwa" likiwaka upya asubuhi yake.

Na ule moshi mweupe: mafuta ya moto yakipenya tundu dogo na kukutana na hewa ya baridi yanakuwa ukungu wa vitone vidogo. Ukungu wa mafuta unaweza kuwaka hata ukiwa chini ya joto la kumweka, kwa hiyo usijifariji na 210. Pia usiusimamie ukiuvuta, mapafu hayapendi mafuta.

#12 Umeme_Mdogo
Mbona hakuna aliyeuliza kama hiyo vali ina waya? Vali nyingi za kujiendesha zina kisanduku cha swichi na waya unaopita juu ya bomba. Maganda ya plastiki ya waya wa kawaida yanachoka kwenye joto, shaba inabaki uchi, cheche moja tu. Mvuke wa mafuta tayari upo, kama alivyosema Maabara. Mimi kura yangu ni cheche.

#13 Nati_Boliti
Fundi umeme naye analaumu umeme, leo nimeona maajabu.

#14 Umeme_Mdogo
Nalaumu aliyepitisha waya juu ya bomba la 260. Si lazima awe fundi umeme.

#15 Shifti_C
Vali ni ya mkono. Haina waya.

#16 Umeme_Mdogo
Basi kuna taa jirani.

#17 Nati_Boliti
Hahaha kaka hakubali kushindwa.

Nije kwenye fani yangu. Vali inavuja sehemu mbili: kwenye flanji (kiungo cha bomba kinachofungwa kwa boliti) na kwenye pakingi ya shina (kizibo kinachozunguka mti wa mpini). Mfumo ukipashwa na kupozwa kila wiki, boliti zinarefuka na kurudi, gasketi inalegea. Shifti, angalia shina la ile vali limeelekea wapi. Kama limesimama wima na pamba imeishia shingoni, kila tone la pakingi linateremka moja kwa moja ndani ya pamba. Vali za mafuta ya moto hulazwa shina likaelekea kando, tone lianguke nje. Na flanji huachwa bila pamba, au hufunikwa boksi lenye tundu la chini ili mvujo uonekane. Wafunika mabomba wanapenda kufunika kila kitu kionekane nadhifu. Unadhifu huo ndio unaotuficha ugonjwa.

Sisi tulikuwa na jointi za nyuzi za skrubu kwenye mabomba madogo ya geji. Tukazungushia utepe mweupe wa nyuzi kama wa bomba la maji. Tuliona umeshika vizuri.

#18 MzeeWaBoila
Utepe mweupe kwenye mafuta ya moto?! Ule mwisho wake ni kama 260, na ukipashwa sana zaidi ya hapo unaanza kuoza na kutoa gesi mbaya. Mafuta haya ni membamba sana yakiwa na joto, yanapenya panapozuia maji. Jointi zichomelewe. Pasipowezekana, flanji na gasketi ya grafiti iliyosokotwa na chuma.

#19 Nati_Boliti
Tulijifunza Mzee. Kwa njia ngumu.

#20 Kipimajoto
Narudi. Mzee aliniambia joto la ukutani haliwi kwenye vali. Sawa, nimekubali. Lakini Maabara anasema mafuta yamekatika, na yanakatikia wapi kama siyo ukutani kwa koili? Shifti, umeme ukikatika huwa mnafanyaje?

#21 Shifti_C
Pampu inasimama, bana inazima. Tunasubiri umeme urudi.

#22 Kipimajoto
Ndiyo nilichokuwa nakitafuta. Bana imezima lakini matofali ya tanuru bado mekundu, na mafuta ndani ya koili yamesimama. Yanapikwa. Kila umeme unapokatika mnapika chungu kimoja cha mafuta. Hata siku ya kuzima kawaida, pampu huachwa izunguke mpaka mafuta yashuke karibu na 100, watu wanataka kuwahi kuondoka wanazima vyote pamoja. Wenye akili wanaweka pampu ndogo ya dizeli au jenereta ya kushika pampu peke yake.

#23 Mgeni_Hapa
Samahani wakuu, mimi mgeni. Kwani kwa nini wasitumie tu mvuke wa maji? Mafuta yote haya ya nini?

#24 PampuKavu
Karibu. Shinikizo. Maji ukitaka mvuke wake uwe na nyuzi 260 unahitaji karibu mara 46 ya shinikizo la hewa. Chuma kinene, sheria kali. Mafuta haya ya madini kwenye 260 yanazunguka kwa shinikizo la pampu tu. Ndiyo uzuri wake, na ndiyo mtego: watu wanaona shinikizo dogo wanadhani hatari ni ndogo.

Na ukitaka kuona hatari, yachanganye na maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inakuwa kama lita 1,700. Tulimaliza ukarabati, tukajaza mafuta, tukawasha. Hakuna aliyekumbuka kwamba koili ilijaribiwa kwa maji na haikukaushwa. Tulipofika 110 hivi pampu ikaanza kulia kama imemeza kokoto. Geji ya shinikizo inacheza dansi. Mwenzetu akasema "ni hewa tu, ongezeni moto, itatoka." Ikatoka kweli. Tanki la upanuzi juu ya paa, lile linalopokea mafuta yanapotanuka, likatema mafuta kupitia bomba la kupumulia, yakashuka ukutani kama mvua nyeusi. Bahati yalikuwa 120 na siyo 250, na chini hakukuwa na mtu.

Tangu siku hiyo: unapanda polepole, unasimama kati ya 105 na 130, unaelekeza mafuta moto yapite tanki la juu, unamwacha mvuke atoke, unasikiliza. Mlio wa kupasuka ukiisha kabisa ndipo unapanda. Ikichukua siku nzima, siku nzima.

#25 DadaUsalama
PampuKavu hapo kwenye bomba la kupumulia: halitakiwi kumwaga ukutani wala juu ya paa. Linatakiwa kushuka hadi kwenye tanki la chini au pipa salama. Mafuta ya 260 ujazo wake ni mkubwa kwa karibu moja ya tano kuliko yakiwa ya baridi, kwa hiyo lita 1,000 zinadai nafasi ya lita 200 zaidi. Mtu akijaza tanki la juu hadi shingoni asubuhi mfumo ukiwa baridi, mchana anaoga.

#26 Difenili
Nyie mna bahati na mafuta ya madini. Sisi tunatumia ule mchanganyiko wa difenili oksidi na bifenili, 73.5 kwa 26.5, tunafika hadi karibu 400. Unachemka 257, kwa hiyo juu ya hapo mfumo wote uko chini ya shinikizo, kwenye 400 ni kama ba 10, yaani karibu mara 10 ya shinikizo la hewa. Ukivuja hausubiri pamba, unatoka kama wingu.

Unaganda kwenye nyuzi 12. Msimu wa baridi, bomba dogo lisilopashwa linaziba kama mshumaa. Kijana mmoja alitaka kuliyeyusha kwa mtungi wa gesi na moto wazi. Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia utotoni, nikamvuta mkono.

#27 Mgeni_Hapa
Ni kweli inanukia maua? Nilisikia.

#28 Difenili
Kweli, kama majani ya jeraniamu. Pua inaunasa ukiwa kidogo sana hewani, na hilo linasaidia. Ila ukikaa nao pua inazoea, inaacha kukuambia. Kikomo cha bifenili hewani kwa zamu yenye urefu wa saa nane kwa miongozo mingi ni sehemu 0.2 kwa milioni, kidogo mno. Mgeni akiingia akasema "mbona kunanukia vizuri", sisi tunachukua tochi tunatafuta mvujo.

#29 Bisibisi_Moja
Kwetu mgeni akisema kunanukia tunaangaliana nani hakuoga.

#30 Kumbukumbu_Ndefu
Kwa kuwa tumefika kwenye bifenili, tusisahau ndugu zake zenye klorini, PCB. Zilipendwa sana kama mafuta ya kuhamisha joto kwa sababu haziwaki kirahisi. Yaani tatizo la Shifti lingekuwa limekwisha! Mwaka 1968 huko Japani zilivuja kutoka kwenye koili ya kupashia, zikaingia kwenye mafuta ya kula ya pumba za mchele. Watu zaidi ya elfu moja waliathirika: chunusi nyeusi mwili mzima, kucha kubadilika rangi, watoto kuzaliwa na ngozi nyeusi-nyeusi. Ugonjwa ukaitwa Yusho. Kuku walikuwa wameshakufa kwa wingi miezi kabla, kwa chakula kilichotokana na mafuta yale yale, na onyo hilo likapita hivi hivi. Mwaka 1979 ikajirudia Taiwan, mafuta ya pumba za mchele tena.

#31 Maabara_Kimya
Naongeza: baadaye ilionekana siyo PCB peke yake. Kupashwa muda mrefu kulizalisha furani zenye klorini, ambazo ni sumu kali zaidi. Mnaona tunarudi pale pale? Kilichonunuliwa na kilichokuja kuvuja havikuwa kitu kimoja.

#32 PampuKavu
Maabara atapitia Japani na Taiwan ili tu ashinde hoja ya #7.

#33 Maabara_Kimya
Nimeshinda lakini.

#34 Kizibo
Na sisi wa vipoza tusisahaulike. Tunatumia ethilini glaikoli na maji. Haiwaki ikiwa imechanganywa vizuri, watu wanaichukulia kama juisi kwa sababu ina utamu. Chini ya kikombe kimoja inaweza kuua mtu mzima: mwanzo analewa-lewa, baadaye figo zinazibwa na chembe za oksalati. Msiiweke kwenye chupa za maji ya kunywa, hata "kwa dakika moja tu". Akinywa mtu, hospitali haraka hata kama anajisikia mzima, dawa yake ipo ila inashindana na saa. Mafuta ya madini nayo akiyameza mtu, msimtapishe. Yakipitia mapafu wakati wa kurudi ndiyo balaa.

#35 Ndoo_Tupu
Mimi naogopa tundu dogo kuliko yote. Mafuta yakitoka kwa tundu la sindano yanaingia chini ya ngozi, unaona kidoa tu, kesho kutwa mkono unakatwa. Msipapase mvujo kwa mkono!

#36 Nati_Boliti
Hiyo ni ya haidroliki mkuu, yenye mamia ya ba. Mafuta yetu hayana nguvu hiyo. Hapa kinachokudhuru ni kuungua. Ila kutopapasa kwa mkono ni sahihi, kwa sababu nyingine.

#37 DadaUsalama
Na akiungua: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, siyo dakika mbili. Nguo zilizolowa mafuta zivuliwe haraka, isipokuwa iliyogandana na ngozi. Hakuna barafu, dawa ya meno wala siagi. Mafuta haya yana joto kubwa kuliko maji yanayochemka na yananata kwenye ngozi, ndiyo maana kuungua kwake ni kwa kina.

#38 Shifti_C
Swali lingine lililotugombanisha usiku ule. Mimi nilizima bana na pampu. Fomani akasema nimekosea kuzima pampu, nimeipika koili. Nani sahihi?

#39 Kipimajoto
Fomani. Soma #22.

#40 DadaUsalama
Shifti. Pampu ikiendelea unaulisha moto. Kama pana mwali na mafuta yanatoka, zima bana, zima pampu, funga vali za kutenga. Koili inanunuliwa.

#41 MzeeWaBoila
Inategemea. Moshi wa pamba bila mwali, mvujo mdogo: zima bana, acha pampu ipoze mfumo, maana unataka 260 ishuke haraka. Mwali na mafuta yanamwagika: Dada yuko sahihi, zima yote. Koili yenyewe ikitoboka ndani ya tanuru, kila sekunde ya pampu ni mafuta kwenye moto, na hapo ndipo naitrojeni au kaboni dioksidi inaingizwa ndani ya tanuru kuuziba pumzi. Na kwa hali yoyote usimwelekezee mwali wa mafuta mpira wa maji wa mkondo mmoja.

#42 Kipimajoto
"Inategemea" jibu la wazee wote.

#43 MzeeWaBoila
Ndiyo maana tumefika uzee.

#44 Ndoo_Tupu
Mmetaja naitrojeni. Tanki letu la upanuzi limefunikwa kwa naitrojeni mafuta yasioze kwa hewa. Tanki lisilo nayo lazima libaki chini ya nyuzi 60 hivi, kila nyuzi 10 juu ya hapo uozaji unakaribia mara mbili. Ila naitrojeni nayo haina harufu. Mtu akichungulia ndani ya tanki kutafuta spana aliyoiangusha, pumzi mbili tatu amelala. Anayemfuata kumwokoa analala juu yake. Hewa ipimwe kabla ya kichwa kuingia, siyo kabla ya miguu tu.

#45 Shifti_C
MREJESHO wakuu. Ripoti imefunguliwa upya baada ya kuwasilisha hoja za hapa (sikutaja majina, msijali).

Tumepoza mfumo, tumefungua pamba kwenye mita tano. Shina la vali limesimama wima, Nati ulipiga mle mle. Pakingi imelegea. Kuanzia vali hadi pale moshi ulipotokea, pamba ya juu ni ya kijivu safi. Ukiigeuza, upande unaogusa bomba ni mweusi, mgumu kama ganda la mkate ulioungua, na katikati kuna sehemu nyeupe ya majivu yenye upana wa kiganja. Ukiigusa inakuwa unga. Nimekaa nikaitazama muda mrefu. Bati juu yake lilikuwa linang'aa.

Sampuli imekwenda maabara, imerudi leo: joto la kumweka 148. Asidi iko juu. Maji kidogo.

#46 MzeeWaBoila
Hilo jivu ndilo moto wako. Umejiwasha wenyewe ndani ya pamba.

#47 Maabara_Kimya
148! Kutoka 210! Mafuta ya namna hiyo hayakuhitaji pamba.

#48 Kipimajoto
Na yamefikaje 148 kama siyo umeme kukatika? Mnanishukuru lini?

#49 Nati_Boliti
Pakingi ingekazwa, hata yangekuwa 48 yangebaki ndani ya bomba. Mada ifungwe.

#50 Maabara_Kimya
Shifti, sampuli mliichukua wapi? Kama ni kwenye bomba la kukamulia la chini lililokaa bila mzunguko, namba hiyo naitilia shaka mwenyewe, hata kama inanipendeza. Huchukuliwa mafuta yakiwa yanazunguka na ya moto, kupitia kipoozeo, chupa inafungwa hapo hapo zile nyepesi zisitoroke.

#51 Shifti_C
Ilichukuliwa bomba la chini, mfumo ukiwa umepoa.

#52 PampuKavu
😂😂😂

#53 Maabara_Kimya
Rudieni.

#54 Umeme_Mdogo
Na hiyo taa jirani ya vali mmeifungua?

#55 Shifti_C
Kesho naenda na ngazi, Umeme, kwa ajili yako tu. Sampuli ya pili tunachukua Jumatatu mfumo ukiwa 200, kipoozeo tunatengeneza leo kwa bomba dogo lililozungushwa ndani ya ndoo ya maji. Kwenye ripoti neno "uzembe" limefutwa, wameandika "chanzo: kinachunguzwa". Mwenzangu nyusi zimeanza kuota, ya kushoto inatangulia.

#56 Bisibisi_Moja
Mwambie bisibisi inampa pole.

#57 DadaUsalama
Ndoo ya maji na mafuta ya 200, Shifti? Bomba lisiwe na jointi ndani ya ndoo, hata moja. Mwisho wake utoke nje ya ndoo, usielekee majini. Vali ya kufungulia ikae mbali na ndoo, na uifungue taratibu ukiwa umevaa kinga ya uso yote, glavu ndefu na mikono iliyofunikwa. Tuma picha kabla hujafungua.

#58 Shifti_C
Nimekuelewa dada. Picha inakuja.